NENO LA MWEZI HUU: BIBI



 Katika safu hii tumezoea kulichukua neno moja kila mwezi, tukachungua limetoka wapi, limepitia wapi, na limefika kwetu likiwa na mzigo gani. Mwezi huu tumechagua neno fupi la silabi mbili ambalo pengine hakuna nyumba yetu hapa Sydney isiyolitamka: nalo ni bibi. Hatukulichagua kwa kupenda tu. Tumelichagua kwa kuwa lilitutia aibu kubwa, na tungependa aibu hiyo isimfike mwingine.

Usiku mmoja wa manane tulipigiwa simu na ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa Bukavu, ambaye Kiingereza chake bado ni kichanga. Alikuwa amesimama mapokezi ya hospitali, na sauti ilikuwa ikimtetemeka. "Bibi yangu ameletwa hapa na gari la wagonjwa," alisema, "nami hawanielewi. Niulizieni yuko wapi." Akampa simu karani. Sisi tuliolelewa Unguja, ambako bibi ni mama aliyemzaa mama yako au baba yako, hatukufikiri mara mbili. Tukamwambia karani kwamba bwana huyu anamtafuta nyanya yake. Akauliza jina. Ndugu yetu akataja jina la nyumbani, ambalo silo lililoandikwa kwenye karatasi za serikali. Karani akatazama orodha yake, akatafuta bi kizee, asimwone. Akasema hapana mtu kama huyo aliyeletwa usiku huu. Nasi tukatafsiri kama tulivyosikia: "Wanasema hayupo."

Fikirini, ndugu zetu, neno hilo "hayupo" linavyosikika masikioni mwa mtu aliyeona mpenzi wake akibebwa hajitambui. Hakulielewa kuwa ni habari ya orodha. Alilielewa kuwa ni habari ya mauti. Tulimsikia akilia, na katika kilio chake akasema, "Nitawaambia nini watoto aliowazaa?" Hapo ndipo tulipozinduka. Bibi aliyekuwa akitafutwa hakuwa ajuza, alikuwa mkewe. Tukamrudia karani, tukasahihisha, na baada ya muda mfupi akaoneshwa kitanda alicholazwa mkewe, yu hai na anazungumza, alhamdulillahi. Lakini karibu saa nzima ya uchungu ilikuwa imekwisha kupita, na kosa halikuwa la karani wala la ndugu yetu. Lilikuwa letu sisi tuliojiona wajuzi wa Kiswahili.

Tangu usiku ule tumekuwa tukijiuliza: ni nani kati yetu anayelitumia neno hili sawasawa? Watu wa Unguja na Pemba watasema bibi ni mzazi wa mzazi. Wa Mombasa na Lamu watasema huyo ni nyanya, na bibi ni neno la heshima. Wa bara la Kenya na wa mashariki ya Kongo watasema bibi ni mke. Wa Dar es Salaam watakuambia kwamba ni yote mawili au matatu, kwa kutegemea nani anasema na anamwambia nani. Katika mabaraza yetu hapa, mjadala huu huishia kwa kila mmoja kumcheka mwenzake. Tunaona ni bora kwanza kulifuata neno lenyewe katika safari yake, kisha tuhukumu.

Tuanze mbali, lakini si mbali sana, kwa maana mji wetu huu umewakusanya watu wa njia nzima ya neno hili. Ukienda Auburn, penye msikiti wa Gallipoli uliojengwa na Waturuki na kufunguliwa mwaka 1999, utaswali bega kwa bega na Waturuki, Waafghani na wengine wengi. Ukienda Fairfield utawakuta Wairaki. Ukienda Lakemba, karibu na msikiti wa Imam Ali bin Abi Talib, utawakuta ndugu wa Pakistani, India na Bangladeshi pamoja na Waarabu wa Lebanoni. Waulizeni wengi wa hawa: bibi ni nani? Hutamwona anayeshtuka kwa ugeni wa neno. Utamwona anayetabasamu, kisha akakupa jibu lisilofanana na la jirani yake.

Mwajemi atakuambia kwamba bibi ni mwanamke mtukufu, mwenye nyumba, na pia ni mama mkongwe wa ukoo. Hata katika karata, ile yenye sura ya malkia Waajemi huiita bibi. Mtajiki, ambaye lugha yake ni tawi la Kiajemi, atakuambia moja kwa moja kwamba bibi ni mama wa mzazi, kama asemavyo mtu wa Unguja. Mwuzbeki, ambaye lugha yake ni ya jamii ya Kituruki, humwita mzazi huyo buvi. Mwazeri wa Baku, naye pia wa jamii ya Kituruki, atakataa: kwake bibi ni shangazi, dada wa baba, na katika lahaja za mashariki ya Uturuki wako wasemao vivyo hivyo. Mwiraki, ingawa lugha yake ni Kiarabu, humwita nyanya yake bibi. Mpakistani au Mhindi msemaji wa Kiurdu atakuambia kuwa bibi ni mwanamke wa heshima, lakini atakuongezea kwamba neno hilo hilo, likitamkwa biwi, ndilo neno lake la mke. Ndugu yetu wa Bukavu, basi, asidhani yuko peke yake duniani.

Maneno haya yameandikwa pia juu ya majengo. Katika mji wa Samarkand upo msikiti mkubwa uitwao Bibi Khanum, ulioanzwa mwaka 1399 kwa amri ya Timur aliporudi kutoka vita vya India, na ambao mapokeo yanaunasibisha na mke wake. Tazameni jina hilo: bibi limekaa pamoja na khanum, ambalo ni cheo cha Kituruki cha mwanamke, mwenza wa khan. Karibu na mji wa Taraz, huko Kazakhstani, lipo kaburi la kale liitwalo Aisha Bibi, na hapo cheo kimekuja nyuma ya jina badala ya mbele. Huko Aurangabad nchini India lipo kaburi liitwalo Bibi ka Maqbara, alikozikwa Dilras Banu Begum, mke wa mfalme Aurangzeb, katika karne ya 17. Na kando ya mji wa Baku upo msikiti wa Bibi-Heybat, penye kaburi la Ukayma, binti wa Imam Musa al-Kadhim. Wenyeji husimulia kwamba maana ya jina hilo ni shangazi yake Heybat. Msikiti huo ulibomolewa na wakomunisti mwaka 1936, ukajengwa upya katika miaka ya 1990 baada ya Azabajani kupata uhuru wake.

Wataalamu wa lugha hawakukubaliana juu ya chimbuko. Wako waliolihesabu neno hili kuwa la Kiajemi tangu asili, na wako waliolitafuta katika Kituruki cha mashariki, kwa hoja kwamba Waturuki na Waajemi wameishi pamoja, wakaoana na kutawalana kwa karne nyingi, hata maneno yao ya nyumbani yakachanganyika. Wako pia wasemao kwamba maneno kama haya hayana haja ya kusafiri. Mwanaisimu Roman Jakobson, katika makala iliyochapishwa mwaka 1960, alieleza kwa nini maneno ya mama na baba yanafanana katika lugha zisizo na undugu wowote: mtoto mchanga huanza na sauti za midomo, huzirudia mara mbili, na wazazi huchukua sauti hizo na kujiita kwazo. Mama, baba, na pengine bibi, yote yaweza kuzaliwa popote penye mtoto.

Hoja hii ina nguvu, na inatufunza tahadhari. Tazameni neno letu dada. Kwetu ni ndugu wa kike. Kwa Mwuzbeki, dada ni baba mzazi. Kwa msemaji wa Kihindi au Kiurdu, dada ni babu, mzazi wa baba. Sauti ni ile ile, na watu ni mbalimbali kabisa. Kwa hiyo kufanana kwa sauti peke yake si ushahidi wa undugu, na anayejenga nasaba ya lugha juu ya sauti tu amejenga juu ya mchanga.

Lakini bibi ina ushahidi mwingine. Sauti ya mtoto yaweza kuzaa jina la nyanya, ila haiwezi kuzaa cheo. Mtoto mchanga hajui ubibi wa mwenye nyumba wala utukufu wa ukoo. Tunapoona kwamba kule Uajemi na huku pwani neno moja linabeba maana zote mbili kwa pamoja, ya mzazi wa mzazi na ya mwanamke wa daraja, tunakuwa na sababu ya kusema kwamba lilisafiri. Tena tazameni jinsi tunavyowataja wanawake watukufu wa dini yetu. Katika mawaidha na maulidi yetu tunasema Bibi Khadija, Bibi Aisha, Bibi Fatuma, Bibi Maryamu. Mwajemi husema Bibi Fatima. Mpakistani husema Bibi Maryam. Mwarabu wa Makka hasemi hivyo, yeye husema Sayyida. Heshima hii, basi, tuliipokea pamoja na Waislamu wa upande wa Uajemi na Bara Hindi, si moja kwa moja kutoka Uarabuni.

Na njia ya kusafiria ilikuwapo. Majahazi yaliyokuja na kaskazi na kurudi na kusi hayakubeba tende na nguo peke yake. Bandari ni neno la Kiajemi, na nanga na pamba nayo yanahesabiwa kuwa ya huko huko. Kituruki nacho kilitufikia, ingawa kwa njia nyingine: afande, neno la askari wetu, ni efendi ya Waturuki. Bibi ni abiria mmoja katika msafara mrefu.

Lilipofika, likakaa vipi? Askofu Edward Steere, katika kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja kilichotoka mwaka 1870, aliliandika neno hili kwa maana tatu: nyanya, cheo cha heshima cha mwanamke, na mwanamke mwenye watumwa. Maana hii ya tatu tusiifiche. Palikuwa na wakati ambapo kumwita mtu bibi kulikuwa ni kukiri kwamba wewe ni mali yake. Hadhi ya utumwa katika sheria za Unguja iliondolewa mwaka 1897, na baada ya hapo neno likaanza kushuka kutoka ghorofani na kuingia vibandani. Hata mwanamke aliyezaliwa Unguja karibu mwaka 1880 akapewa jina la Mtumwa alikuja kujulikana Afrika Mashariki nzima kwa jina la Siti binti Saad, na siti ni Kiarabu chenye maana ile ile ya bibi. Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Katika miaka ya 1950, Titi Mohamed wa Dar es Salaam, mwimbaji wa ngoma asiyetoka jumba lolote la kifalme, aliwaongoza wanawake wa TANU, na taifa zima likamwita Bibi Titi. Fatuma binti Baraka, aliyefariki mwaka 2013, dunia ilimjua kwa jina la Bi Kidude, na hiyo bi ni bibi iliyofupishwa, kama ilivyofupishwa katika bi harusi na bi kizee. Serikali nazo zikalitumia: palipokuwa na bwana shamba, akaja na bibi shamba.

Hapo tunafikia ufunguo wa mjadala wetu. Neno bibi katika Kiswahili lina wenza wawili. Mwenza wa kwanza ni babu. Tukisema babu na bibi, tunawataja wazazi wa wazazi wetu, wala hapana atakayekosea. Mwenza wa pili ni bwana. Tukisema bwana na bibi, tunawataja watu wazima wa heshima, au mume na mkewe. Sasa, sote tumekubali kwamba mwanamke akisema "bwana yangu" anamtaja mumewe. Neno bwana, lililokuwa la mwenye mamlaka, limekuwa neno la mume, wala hatumcheki asemaye hivyo. Basi mwanamume wa Bukavu au wa Nakuru akisema "bibi yangu" kwa maana ya mke, amekosa nini? Amefuata njia ile ile ambayo bwana imefuata. Amemwita mkewe kwa jina la heshima, kama Mhindi alivyofanya kwa biwi yake. Mtu wa Unguja amelifuata tawi la babu, mtu wa Kongo amelifuata tawi la bwana, na shina ni moja. Shina hilo si undugu wa damu. Ni heshima.

Kwa hiyo hukumu yetu, ikiwa tunaruhusiwa kuitoa, ni kwamba hapana kati yetu aliyekosea katika lugha. Aliyekosea ni yule aliyedhani kwamba Kiswahili cha nyumbani kwao ndicho Kiswahili chote, na usiku ule alikuwa ni sisi.

Kutokana na hayo tunatoa nasaha mbili. Ya kwanza ni ya dharura. Mbele ya daktari, karani, polisi au mwalimu, tusiseme "bibi yangu". Tuseme "mke wangu", au "mama yake mama yangu", au "mama yake baba yangu". Na anayemtafsiria mwenzake asione haya kuuliza: ni bibi yupi, wa babu au wa bwana? Hospitali za serikali hapa New South Wales hutoa mkalimani bila malipo kwa anayemwomba, na huduma ya taifa ya ukalimani kwa simu inapatikana kwa namba 131 450. Mnapomwomba mkalimani, elezeni kama mnasema Kiswahili cha Kongo, cha Kenya au cha Tanzania. Wala tusiwatwike watoto wetu kazi hii. Mtoto wa miaka kumi hastahili kuwa ndiye anayempa baba yake habari ya mauti, iwe ya kweli au ya makosa.

Nasaha ya pili haina dharura, lakini uzito wake si mdogo. Katika nchi hii watoto wetu wanajifunza kuwaita wakubwa kwa majina yao matupu, kwa kuwa ndivyo wanavyofanya wenzao, wala hao hatuwalaumu, ni desturi yao. Lakini tumeanza kusikia mtoto wetu akimwita bi kizee wa jirani kwa jina lake kama anavyomwita mwenzake wa shule. Tukiliacha neno hili lidondoke, hatutakuwa tumepoteza sauti mbili tu. Tutakuwa tumempoteza mtu anayebeba jina hilo kazini mwake. Katika nchi za Asia ya Kati, wakati wa utawala wa Kisovieti, misikiti mingi na madrasa zilipofungwa, walikuwapo wanawake waliowakusanya watoto majumbani kwa siri na kuwafundisha Kurani na dua. Watajiki huwaita bibiotun. Serikali ile iliweza kulifunga jengo, lakini haikuweza kumfunga kila bibi katika kila jiko.

Sisi hapa hatufungiwi msikiti, tunamshukuru Mwenyezi Mungu. Lakini nani anayewafundisha watoto wetu Kiswahili, na nani anayewasomesha Alhamdu kabla hawajaanza chuo? Mara nyingi ni bibi aliyeketi kwenye kiti sebuleni, ambaye hajui kuendesha gari wala hajui Kiingereza, na ambaye sisi tukitoka kazini tunampita tukitazama simu. Kwa hiyo tunawapa watoto kazi ya nyumbani ya mwezi huu. Waulizeni wenzenu wa shule, Mwafghani, Mwiraki, Mturuki na Mpakistani, neno bibi kwao ni nani. Kisha rudini nyumbani mkamweleze bibi yenu mliyoyapata, kwa Kiswahili, naye awasahihishe.

Ndugu yetu wa Bukavu ametusamehe. Mkewe amepona, na juma lililopita alitukaribisha kwa chai. Mlangoni tulimsalimu, "Shikamoo, bibi." Akacheka, akamgeukia mumewe, akasema, "Leo wamejua."

Tukutane mwezi ujao, inshaallah. Mwenye neno analotaka tulichungue na atuandikie, au atuambie baada ya swala ya Ijumaa.

Wabillahi tawfiq.